Heshima za vita za Keya: ni zetu au za mfalme?

Kwenye Mnara wa Askari uliozinduliwa mwaka 1927, pale mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe jijini Dar es Salaam, askari wa shaba ameshika bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Kila nipitapo hapo hujiuliza kama heshima za vita, yaani majina ya mapigano ambayo kikosi huruhusiwa kuyabeba kwenye bendera yake, za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo wazee wetu waliliita Keya, ni urithi wa Tanzania au ni za mfalme wa Uingereza aliyezitoa.

Wanaosema ni zetu wana hoja nzito. Keya iliundwa mwaka 1902, na kikosi chake cha sita kikawa cha Tanganyika. Vijana wetu walipigana Colito, Ethiopia, mwaka 1941, na wengine wakapelekwa hadi Burma. Jina la Colito likaja kupewa kambi ya jeshi hapa Dar es Salaam. Isitoshe, orodha ya heshima hizo ina majina ya Narungombe na Nyangao, yote ya Lindi.

Lakini hapo Narungombe ndipo hoja inapoyumba. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Watanganyika wengi waliokuwa kwenye pambano lile walikuwa upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na Keya waliowakabili walitoka zaidi nchi jirani. Kikosi cha sita chenyewe kilianza kwa kuandikisha askari wa zamani wa Wajerumani. Heshima ile, basi, ilipatikana kwa kuwapiga watu wetu. Tena heshima ya vita hupewa kikosi, naye mpagazi hakuwa na kikosi cha kupewa, ingawa maandishi ya mnara yanakiri kwamba wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kambi yao ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo, na sidhani kama wengi wanaonunua nyanya pale humkumbuka mtu aliyebeba sanduku la risasi hadi akafa kwa kuhara. Miaka ya 1950 Keya hao hao walitumwa kupambana na Mau Mau.

Baada ya maasi ya askari yaliyoanzia kambi ya Colito tarehe 20 Januari 1964, jeshi lililorithi kikosi cha sita lilivunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa tarehe 1 Septemba, na kambi ikaitwa Lugalo, jina la mahali huko Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa jeshi la wananchi haliwezi kubeba sifa zilizotolewa na mfalme wa kigeni.

Ninachokipinga ni kwamba pamoja na sifa za mfalme tuliwasahau na watu wenyewe. Narungombe na Nyangao zinastahili kufundishwa kama inavyofundishwa Lugalo, kwa kueleza waliopigana pande zote mbili, na wapagazi watajwe kwanza.