Muungano ni wa nani na nani?

Kila inapokaribia Aprili 26 husikika hoja ile ile: Muungano maana yake ni nchi moja, na anayezitaja pande mbili anataka kuuvunja. Hoja hiyo ina mashiko. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 1977 inatamka kuwa Tanzania ni nchi moja. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu Zanzibar si dola. Tena Mwalimu Nyerere aliuchanganya udongo wa pande zote mbili, na udongo uliochanganywa hautenganishiki.

Lakini tendo lile lilikuwa kuchanganya, na jamhuri haikuitwa Mchanganyiko. Jina lake linatokana na kuunga, kazi ya fundi mwenye mbao mbili mkononi. Kuunga kukazaa kuungana, kwa kiambishi -an- kile kile cha kupatana, kukutana, kupambana. Kitu kimoja peke yake hakiungani. Ukisema fulani ameungana, msikilizaji anangoja umalizie: na nani? Ndivyo yalivyo mapatano, mkutano na mapambano pia. Yote hufa upande mmoja ukitoweka. Kweli, maana ya neno haiamui kesi, na waliozoea kutumia "muungano" kwa maana ya "umoja" hawajatenda kosa. Ila asiitwe msaliti anayelisoma neno kama lilivyoundwa.

Ile "na" ilikuwamo kwenye jina tangu mwanzo: Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Oktoba 1964 ikaondoka, likaja jina Tanzania, silabi za nchi mbili zilizofumwa pamoja. Hapo ndipo pananisumbua. Zanzibar ilibaki na serikali yake na jina lake, na mwaka 2010 ikaandika katika katiba yake kuwa ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Nchi ya pili haikubaki na serikali wala katiba yake yenyewe. Wakati huohuo mambo ya Muungano, yaliyoanza yakiwa 11, yamefika 22. Kila linapoongezwa jambo, Mzanzibari huuliza amemkabidhi nani, na swali lake ni la haki kabisa. Huambiwa Tanzania Bara, ilhali mkataba ambao Karume na Nyerere waliutia saini Aprili 22, 1964 unaitaja Tanganyika.