Wanaobaki Zamuni Sikukuu Zinapofika

Mombasa ni mji wa sikukuu nyingi, kwa kuwa Krismasi, Pasaka na Idd zote mbili zina wenyewe hapa, na Desemba huongeza juu yake wageni wa bara wanaojaa fukwe za Nyali na Diani. Naamini kwamba shukrani tunazowapa wanaobaki kazini siku hizo, ambazo kwa kawaida huishia katika hotuba na salamu za mwaka mpya, ni ndogo mno kwa watu wanaotuwezesha kukaa na jamaa zetu bila hofu.

Nianze na zamu zenyewe, maana hapo ndipo uungwana wa mji huu unapoonekana. Katika wodi na vituo vya kazi vya hapa Pwani kuna desturi isiyohitaji waraka: Mkristo humshikia Mwislamu zamu ya Idd, na Mwislamu humlipa kwa kumshikia zamu ya Krismasi. Mpango huo si mwepesi kama unavyosikika. Tarehe 25 Desemba inajulikana mwaka mzima, lakini Idd-ul-Fitr hungoja mwezi uandame, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya 30 muuguzi hajui kama kesho ataswali Idd na watoto wake au ataingia wodini akiwa bado amefunga, na mwenzake aliyeahidi kumshikia zamu naye hajui kama ataitwa. Wote wawili hukubali kukaa katika hali hiyo ili mgonjwa asikose wa kumhudumia. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko mahubiri mengi ya kuishi pamoja tuliyowahi kusikilizishwa.

Wanajeshi hawana nafasi ya kupatana hivyo. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na tangu mwaka 2015 operesheni ya msitu wa Boni imewapeleka askari katika Kaunti ya Lamu, hapa hapa Pwani. Tarehe 5 Januari 2020, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado katika mapumziko ya mwaka mpya, kambi ya Manda ilishambuliwa kabla ya mapambazuko. Adui haahirishi shambulio kwa sababu ya likizo ya mtu, na ndiyo maana kambi hulazimika kukesha zaidi wakati sisi tunapolegea. Mke au mume wa askari aliyebaki nyumbani, anayewaeleza watoto kwa nini mzazi wao hayupo mezani, naye yumo katika utumishi huo, ingawa hakuna anayemtaja.

Wanamaji wetu wa Mtongwe tuliwaona kwa karibu mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni tarehe 29 Septemba, likiwa na mama na binti yake. Wapiga mbizi wa jeshi, pamoja na wenzao wengine, walitafuta kwa karibu wiki mbili katika kina kirefu chenye giza, hadi gari lilipotolewa tarehe 11 Oktoba. Siku ya Moi, iliyokuwa sikukuu ya taifa, ilipita kazi hiyo ikiendelea. Wahudumu wa feri nao huvusha watu mchana na usiku, iwe Krismasi au Idd, na ndio wanaotukanwa kwanza foleni inaporefuka.

Ningependa tuwashukuru watu hawa kwa kitu wanachoweza kukishika. Anayevuka Likoni mkesha wa Krismasi azuie ulimi wake. Sisi Waswahili hatuli Idd bila kumpelekea jirani sahani ya pilau au biriani. Basi sinia moja ielekezwe wodini, na nyingine katika kituo cha polisi cha mtaa. Hata hivyo, chakula cha jirani hakiwezi kuziba pengo la mwajiri. Marupurupu ya kufanya kazi siku ya mapumziko yalipwe pamoja na mshahara wa mwezi huo huo, bila mtumishi kulazimika kuyafuatilia kutoka ofisi hadi ofisi, na ratiba ya zamu za Desemba ibandikwe mapema mwezi wa Novemba, ili wanaotaka kubadilishana wapate muda wa kupatana.