Uzembe pekee hauelezi ajali za manowari

Kwa sisi wa Mbeya na Iringa, ambao barabara kuu iendayo Tunduma hupita mlangoni kwetu, hakuna maelezo ya ajali tuliyoyazoea kama yale ya "uzembe wa dereva". Lori likishindwa kupanda Kitonga au likikosa breki kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, taarifa hutolewa kwa maneno hayo na jambo linakuwa limekwisha. Maelezo ya namna hiyo hiyo yalitawala mazungumzo ya watu mwaka 2017, pale manowari mbili za Marekani zilipogongana na meli za biashara katika muda wa wiki chache: USS Fitzgerald karibu na pwani ya Japani tarehe 17 Juni, ambapo mabaharia 7 walikufa, na USS John S. McCain mashariki ya Singapore tarehe 21 Agosti, ambapo walikufa 10. Waliosikia habari hizo waliuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje chombo chenye rada za kufuatilia makombora kishindwe kuiona meli ya makontena.

Hoja ya wanaosema kwamba huo ulikuwa uzembe haipaswi kudharauliwa. Katika ajali ya Fitzgerald, meli ya mizigo ACX Crystal ilikuwa inakuja kutoka upande wa kulia, na kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinamtaka anayemwona mwenzake upande huo ampishe. Manowari haikupisha. Kazi ya kutazama kwa macho ilifanywa upande wa kushoto tu, ilhali hatari yote ilikuwa kulia, na afisa wa zamu hakumwamsha nahodha ingawa maagizo ya nahodha yalimlazimu kufanya hivyo. Kwenye McCain, nahodha alishauriwa awaweke kazini mapema mabaharia wa ziada wanaohitajika meli inapoingia kwenye njia yenye msongamano, naye akaahirisha hadi saa 12 asubuhi. Mwaka uliofuata alikiri mbele ya mahakama ya kijeshi kwamba hakutimiza wajibu wake. Jeshi ambalo nahodha hawajibiki kwa meli yake halitakuwa na nidhamu kwa muda mrefu, na familia zilizopoteza vijana zilistahili kuona kwamba kuna mtu anayebeba dhamana.

Lakini hebu tuingie ndani ya chumba cha usukani cha McCain alfajiri ile. Nahodha anamwona mshika usukani akipata taabu kushikilia mwelekeo huku akirekebisha mwendo, akaamuru kazi hizo zigawanywe kwa watu wawili waliokaa kwenye meza mbili za skrini za kugusa. Katika kuhamisha udhibiti wa mwendo, usukani nao ukahamia meza ya pili bila mtu kutambua. Aliyekuwa na usukani akatangaza kwamba umegoma. Ikatolewa amri ya kupunguza mwendo, lakini vidhibiti vya rafadha mbili za meli, yaani mapanga yanayoisukuma majini, havikuwa vimeunganishwa kwenye skrini, kwa hiyo rafadha ya kushoto ikapunguza na ya kulia ikaendelea kusukuma kwa nguvu ile ile. Meli ikageukia kushoto, ikajiingiza mbele ya meli ya mafuta Alnic MC. Kuanzia tangazo la usukani kugoma hadi kugongwa zilipita takribani dakika tatu.

Mtambo haukuwa umeharibika hata kidogo. Usukani ulikuwepo, umekaa meza ya pili. Baadhi ya waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine, USS Antietam, ambayo mfumo wake wa usukani ulikuwa tofauti, na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilipochunguza ilitaja mafunzo yasiyotosha na taratibu mbovu za kuutumia mtambo huo. Kijana aliyekabidhiwa kifaa asichofundishwa ipasavyo, akakosea katika dakika tatu za giza kwenye njia yenye msongamano wa meli, siwezi kumwita mzembe kwa moyo mweupe. Jeshi lenyewe, mwaka 2019, liliamua kurudisha vishikio vya mkono vya kudhibiti mwendo badala ya skrini, na uamuzi huo unasema mengi kuliko hukumu ya mahakama.

Mzizi wa tatizo ni wa zamani zaidi. Hadi mwaka 2003, afisa mpya wa manowari za Marekani alikuwa akikaa darasani miezi kadhaa huko Newport, Rhode Island, akifundishwa na watu waliokwisha kuongoza meli, kabla ya kukanyaga meli yake ya kwanza. Mwaka huo kozi hiyo ilifutwa ili kubana matumizi. Afisa akapewa mkoba wa diski za kompyuta na kutakiwa ajisomee akiwa tayari melini, katikati ya kazi zake nyingine, huku wakubwa wake wakitarajiwa kuziba mapengo. Kozi fupi ya darasani ilirejeshwa mwaka 2012, lakini kwa takribani muongo mmoja rika zima la maafisa lilikuwa limeingia kazini kwa njia hiyo. Waliokuwa vijana wa diski walipanda vyeo na kuwa ndio wanaotakiwa kuwafundisha wengine. Fedha iliyookolewa ilionekana kwenye vitabu vya mahesabu mara moja, lakini gharama ilikuja kujitokeza baada ya miaka kumi na minne, katika bajeti ya mtu mwingine.

Yupo anayeweza kudai kwamba hizi ni dhana tu, kwamba meli mbili kati ya mamia hazithibitishi ubovu wa mafunzo yote. Kwa mtu huyo ninayo takwimu moja. Mapema mwaka 2018 jeshi hilo liliwapima maafisa vijana 164 wenye sifa ya kushika zamu, kwa kuwaweka kwenye mashine zinazoigiza bahari. Waliofaulu bila dosari walikuwa 27. Waliofaulu kwa dosari kadhaa walikuwa 108, na 29 walikutwa na mapungufu makubwa. Maana yake, kati ya kila maafisa sita walioaminiwa kushika meli usiku wakati nahodha amelala, ni mmoja tu aliyekuwa sawasawa. Na hawa hawakuteuliwa kwa kuwa walishukiwa, wala hawakuwa wamefanya kosa lolote. Kasoro zenyewe zinafundisha zaidi ya idadi. Wengi waliweza kukaa mbali na meli nyingine, ila walipokwisha kuingia kwenye hatari hawakujua la kufanya ili kujinasua. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo haijifunzwi kwa kusoma. Hujifunzwa kwa kurudia tena na tena mbele ya mtu anayejua, hadi mkono utende kabla hofu haijafika. Kama watano kati ya sita wana kasoro, neno uzembe linakosa pa kushika, kwa sababu haiwezekani watano wote wawe wamezaliwa wazembe.

Uchovu nao ulichangia. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2017 kwamba mabaharia walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 100 kwa wiki, na kwamba asilimia 37 ya vyeti vya umahiri vya manowari kubwa zenye makao Japani vilikuwa vimekwisha muda. Meli zilizidi kutumwa kazini huku muda wa mafunzo ukiliwa. Hata ule uamuzi wa nahodha wa McCain kuahirisha zamu ya ziada ulilenga kuwapa watu wake usingizi kidogo. Alikosea, lakini lilikuwa kosa la mtu aliyepewa wafanyakazi waliochoka.

Norway inaleta ugumu ambao upande ninaoutetea lazima uukubali. Tarehe 8 Novemba 2018 manowari Helge Ingstad iligongana na meli ya mafuta Sola TS usiku, baada ya afisa wa zamu kudhani taa za meli hiyo ni kitu kilichotulia karibu na gati. Ndani ya chumba cha usukani mafunzo yalikuwa yanaendelea wakati huo huo, na wachunguzi waliona kwamba yaligawa umakini wa walinzi wa zamu. Hapa mafunzo yenyewe yalichangia hatari. Hata hivyo wachunguzi hao waligundua pia kwamba uhaba wa maafisa ulifanya watu waidhinishwe kushika zamu mapema kuliko zamani, wakiwa na uzoefu mdogo. Afisa wa zamu alitiwa hatiani mwaka 2023. Waliopanga utaratibu wa kuwaidhinisha mapema hawakufikishwa mahakamani pamoja naye.

Hili linatuhusu kwa karibu. Kwenye Ziwa Nyasa, kutoka Itungi na Kiwira kwenda Lupingu, Manda na Mbamba Bay, tuna MV Mbeya II ya abiria 200 na meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja. Ni ziwa lenye mitumbwi mingi ya wavuvi usiku na meli chache, jambo linalomnyima afisa kijana nafasi ya kupishana na meli kubwa mara kwa mara na kuuzoea uamuzi huo. Kuna watakaosema gharama ya kumpeleka mara kwa mara Dar es Salaam, kwenye chuo cha bahari na kwenye msongamano wa bandari, ni kubwa mno kwa meli tatu. Gharama hiyo ni ya kweli, nami naiona inastahili kulipwa. Baada ya mwaka 2017 Marekani iliwataka maafisa wake waandike kwenye daftari saa walizokaa zamu na kazi walizozifanya humo. Daftari kama hilo ni la bei ndogo, na linaweza kuanza Kyela mwaka huu, kabla hata fedha za mashine za kuigiza hazijapatikana.