Bonifishi wa Bahama: Kumwachia Tu Hakutoshi

Kisiwani Andros, Bahama, maji yanapoanza kujaa juu ya tambarare za mchanga na nyasi, bonifishi, samaki aitwaye kwa Kiingereza bonefish, huingia nayo kutafuta kaa na kamba. Akiinamisha kichwa kufukua, ncha ya mkia huchomoza juu ya maji ya magotini na kumeremeta. Mwongozaji husimama nyuma ya boti, akisukuma kwa upondo polepole asigonge ubao. Mgeni aliyekuja kuvua kwa starehe yuko mbele na ufito wake, ndoana imevishwa manyoya ifanane na kamba mdogo. Samaki akinasa, anatoroka na mshipi kwa kasi ya kutisha. Baadaye huvutwa hadi botini, huchomolewa ndoana, huachiwa.

Hapo kwenye kuachiwa ndipo watu wanapogawanyika.

Wanaoutetea uvuvi huu wa starehe wanasema samaki aliyepikwa ni kitoweo cha siku moja, bali aliye hai huleta mgeni mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba unaiingizia Bahama dola milioni 141 kwa mwaka. Kwa visiwa vya mbali na mji mkuu, Nassau, ambako ajira ni haba, hizo ni ada za shule na nyumba zilizoezekwa. Belize, nchi ya Amerika ya Kati, iliamuru tangu mwaka 2009 kwamba bonifishi aachiwe, Florida ikafuata mwaka 2013.

Wanaopinga wanauliza: kwa nini kumtesa kiumbe usiyekusudia kumla? Tena, mwenyeji je? Kule Kiribati, nchi ya visiwa katika Pasifiki, bonifishi ni chakula cha watu tangu zamani. Hoja hii naiheshimu sana. Huwezi kumwambia mzazi mwenye watoto kwamba samaki aliye mbele ya nyumba yake amewekewa mgeni wa kumchezea. Ndiyo maana naunga mkono kanuni za Bahama za mwaka 2017, zilizomtaka mvuvi wa kigeni akate leseni. Anayekuja kustarehe kwenye bahari ya watu achangie kuitunza.

Lakini pande zote mbili huzungumza kana kwamba samaki akishaachiwa amepona. Sivyo. Watafiti waliofanya kazi kisiwani Eleuthera, huko huko Bahama, waligundua kwamba bonifishi aliyeachiwa huku akiyumba, hawezi hata kukaa wima, uwezekano wake wa kuliwa na wawindaji kama papa ulizidi mara sita ule wa mwenzake aliyeogelea sawasawa. Papa hana haja ya kumkimbiza aliyechoka. Na kinachomchosha tunakijua: kumchezesha muda mrefu, kumwinua nje ya maji wakati picha zinapigwa, kumshika kwa mikono mikavu inayobandua ute wa ngozi. Ndoana iliyobonyezwa kijino hutoka upesi, na samaki anaweza kufunguliwa akiwa ndani ya maji bila kuinuliwa hata kidogo. Mimi ningependa sheria iseme hivyo waziwazi, kwa sababu neno "aachiwe" peke yake linamruhusu mtu kumrudisha majini samaki aliye nusu mfu na kuondoka na dhamiri safi.

Kisha kuna jambo lisilohusu ufito wala manyoya. Bonifishi hatagi kwenye maji haya ya kina kifupi. Nyakati za bamvua hukusanyika karibu na kilindi, usiku wakatoka nje kutaga, na mabuu yake huelea siku 41 hadi 71 kabla ya kurudi pwani. Ukiiziba njia hiyo, hata wavuvi wote wakiwa waungwana, umewamaliza samaki. Tarawa, huko huko Kiribati, barabara zilizojengwa juu ya maji kuunganisha visiwa zilikata njia za kwenda kutaga, na nyavu zikawazidi waliobaki. Wazee wavuvi ndio waliowaeleza watafiti misafara ipi ya samaki ilikuwa imetoweka.

Kwa hiyo mfano unaonivuta zaidi ni wa Anaa, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa. Watu wa pale wanamla bonifishi, na wageni nao huja kumvua. Walipoona anapungua waliirudisha rahui, desturi yao ya kufunga uvuvi kwa muda, wakaiweka katika msimu wa kutaga. Msimu ukipita, wanaendelea kumpika.