Kuboronga si Kutatiza

Mwanafunzi wa Nakuru ameandika kwenye insha: "Kitabu yangu ilipotea sokoni." Kalamu nyekundu inapiga mstari na kuandika pembeni: haieleweki. Kisha, juu ya mstari huohuo, kalamu ileile inaandika: "Kitabu changu kilipotea sokoni." Basi aliyesahihisha alielewa. Asingeelewa, angejuaje la kusahihisha?

Neno lililostahili pale pembeni ni "umeboronga". Kuboronga ni kuharibu: ngeli zimevurugika, upatanisho haupo, lakini ujumbe umefika. Kutatiza ni kosa jingine kabisa: ni kusema jambo lenye maana zaidi ya moja. Kiswahili chetu cha bara, hiki cha stendi ya Nakuru na soko la Kibuye mjini Kisumu, kinaboronga kila siku, halafu kinahukumiwa kwa kutatiza. Mtu wa Kisumu akisikia "samba" anajua ni shamba, kwa kuwa Kijaluo hakina sauti ya "sh" na sikio lake limeshazoea. Mbukusu akimwita baba yake "papa", hakuna anayegeuka kumtafuta samaki.

Utata una hesabu. Ukimwambia mtu kwamba sentensi yake ni tata, uwe tayari kuzitaja maana zake, mbili au tatu. Ukishindwa, tafuta neno jingine la kumlaumia. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, analijua hili. Karatasi ya pili ya Kiswahili humtaka aeleze maana mbili za sentensi moja, na sentensi yenyewe huwa sanifu, haina doa.

Chukua hii: "Achieng' alimuuzia Wafula gorogoro tatu za omena." (Gorogoro ni kopo la kupimia, omena ni dagaa.) Ngeli zimetulia, upatanisho umekaa sawa, mtu wa Unguja hana la kuongeza. Sasa, nani anamdai nani? Kauli ya kutendea imeacha milango miwili wazi. Huenda Wafula ni mteja, amenunua. Huenda pia omena ni ya Wafula, na Achieng' alimsaidia tu kuiuza. Tuseme gorogoro ni shilingi 300 na pesa bado hazijakabidhiwa. Kwa maana ya kwanza Wafula anadaiwa 900. Kwa maana ya pili Wafula ndiye anayedai 900. Kutoka kudaiwa hadi kudai ni pengo la shilingi 1,800, na limetoka kwenye irabu moja, ile "i" iliyoingia kati ya "uz" na "a". Kupandisha wala kushusha sauti hakusaidii. Dawa ni kuitoa hiyo "i": "Wafula alinunua omena kwa Achieng'", au "Achieng' aliuza omena ya Wafula". Ugomvi wa 1,800 haukuletwa na Kiswahili kibovu. Uliletwa na sentensi ambayo ingepata alama zote za sarufi.

Afadhali hiyo, maana utata hutatuliwa. Matangazo ya ofisini je? "Wahusika wote wanatakiwa kuzingatia utaratibu uliowekwa kwa wakati ufaao." Huu si utata, kwa sababu ukihesabu maana hupati hata moja. Wala si fumbo, ingawa watu hupenda kuliita hivyo. Fumbo lina jibu, na aliyelifumba analo. Kitendawili hutegwa kikateguliwa kama mtego. Ukishindwa unaombwa mji, unatoa Kisumu, unaambiwa jibu. Tangazo hili hata ulipe Kisumu, Nakuru na Kakamega halitoi kitu. Jina lake ni kuzunguka mbuyu, si kwa maana ya hongo bali ya kusema mengi bila kufika kwenye jambo lenyewe (mbuyu wenyewe ni mti wa pwani na Ukambani, lakini kuuzunguka tumejifunza vizuri). Kipimo chake ni maswali matatu: nani, lini, shilingi ngapi. Lisipojibu hata moja, kulinyoosha ngeli ni kupoteza wino.

Wenye kalamu nyekundu, hata hivyo, wana hoja moja nzito. Mtu wa gereji husema: "Mlango ya gari yenye iligongwa." Pale gereji hapana shida, fundi anaonyeshwa kwa spana. Kwenye fomu ya bima hakuna spana. "Mlango wa gari uliogongwa" ni mlango peke yake. "Mlango wa gari lililogongwa" ni gari zima. Kiswahili sanifu kinatenganisha hasara hizo mbili kwa silabi mbili tu, "u" na "o" au "li" na "lo", na sisi tukisema "ya" na "yenye" kwa kila kitu tumekitupa kifaa ambacho Kiingereza hakina. Kujitetea kwamba "si tunaelewana" hakutoshi hapa, kwa maana walioelewana walikuwa wamesimama kando ya gari.

Hapo kuboronga kumezaa utata kweli. Na hapo kalamu nyekundu haiwezi kusahihisha peke yake: lazima mwanafunzi aitwe, aulizwe ni nini kiligongwa.