Mkono Unaochanja

Chupa nyingi za chanjo hubandikwa alama ndogo: duara, na ndani yake mraba wa rangi iliyopauka. Kadiri chupa inavyopigwa na joto, ndivyo mraba unavyokolea. Ukishafanana rangi na duara, chupa inatupwa, hata kama tarehe yake ya kuisha muda bado iko mbali. Na ikihisiwa kwamba chanjo isiyotakiwa kuganda iliganda, nesi huchukua chupa mbili, hiyo inayoshukiwa na nyingine aliyoigandisha makusudi kisha ikayeyuka, akazitikisa pamoja, akaziweka mezani na kutazama ipi inatuama haraka. Kazi yake imejengwa juu ya kutoamini mpaka aone.

Kwa hiyo sishangai sana ninaposikia kuna wauguzi wanaoikwepa sindano ileile wanayowachoma wengine. Swali linaloulizwa kila mara, "hawa si wamesoma?", limekaa upande. Wamesoma, ndiyo, na sehemu ya walichosoma ni kushuku. La kuuliza ni wanashuku kwa namna gani, na wanaishuku chanjo ipi.

Uzito wa jambo lenyewe haubishaniwi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka kusitasita kuchanja miongoni mwa vitisho 10 vya afya ya dunia, na papo hapo likakumbusha kwamba mhudumu wa afya ndiye mshauri anayeaminika kuliko wote katika uamuzi huo. Mama amempakata mtoto, anauliza, "Na wewe sista, wako alichanjwa hii?" Nesi akichelewa sekunde mbili kujibu, jibu limeshafika. Madaktari nao wamo, ingawa tafiti nyingi za chanjo ya homa ya mafua zimewakuta wao wakichanjwa kwa wingi kuliko wauguzi. Lakini anayekaa na mgonjwa saa nyingi ni muuguzi.

Nianze na wanaoshuku, kwa sababu wana hoja kuliko wanavyopewa. Mwaka 1955 huko Marekani, chanjo ya polio kutoka maabara ya Cutter ilitoka ikiwa na virusi hai. Takriban watu 200 walipooza na 10 wakafa. Mwaka 1976, nchini humohumo, watu zaidi ya milioni 40 walichanjwa haraka dhidi ya mafua ya nguruwe. Mlipuko uliohofiwa haukuja, ila ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré ukaongezeka kwa takriban mtu mmoja katika kila 100,000 waliochanjwa. Baada ya mwaka 2009, Pandemrix, chanjo ya mafua ya nguruwe ya mwaka huo, ilihusishwa na narkolepsi, maradhi ya kuzidiwa na usingizi mchana, kwa watoto na vijana wa Finland na Sweden. Hayo si ya kuokota kwenye simu, yameandikwa vitabuni. Nesi anayesema "tuliwahi kuambiwa ni salama" hasemi uongo.

Tena kuna mfano ambao ningeutundika ukutani. RotaShield, chanjo ya kirusi kinachoharisha watoto, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ripoti za watoto wachache ambao utumbo uliingiana zikatumwa kwenye mfumo wa kufuatilia madhara, na kabla mwaka haujaisha matumizi yakasimamishwa. Hapo shaka ilifanya kazi yake: iliandikwa kwenye fomu, ikapelekwa, ikapimwa, ikathibitika.

Shaka ya pili haipimwi. Mwaka 1998 Andrew Wakefield alichapisha makala kuhusu watoto 12, akiihusisha chanjo ya surua na usonji. Tafiti kubwa zilipofanywa hazikuuona uhusiano huo, jarida likaifuta makala mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Mpaka leo kuna watu waliovaa sare za hospitali wanaoinong'ona hadithi hiyo. Na kazi yenyewe inawasaidia kuiamini, maana nesi anamwona mtoto aliyerudishwa kliniki na homa jioni ya sindano. Mia waliokosa kuugua surua hawarudi kumwonyesha. Ukishakaa miaka 15 kazini hujawahi kuona wodi iliyojaa surua, sindano ndiyo inayoonekana kuwa na makosa.

Homa ya ini B inatufunulia zaidi. Sijapata kusikia wauguzi wakijipanga kupinga chanjo yake. Sababu iko kidoleni: ukijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa hiyo, nawe hujachanjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Hatari anaiona kwa macho, na kinga ni yake mwenyewe. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1991: mwajiri aitoe bure, asiyetaka atie saini kwamba amekataa. Kanuni hiyo haikumfukuza mtu kazi.

UVIKO-19 ulikuja na mantiki nyingine: chanjwa ili umlinde mgonjwa. Hoja hiyo ni nzito, na mimi naiheshimu. Mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka hachagui nani amwinamie kitandani. Hospitali ya Houston Methodist, huko Texas, iliwalazimisha wafanyakazi wake mwaka 2021. Kati ya watu wapatao 26,000, ni 153 tu walioacha kazi au kufukuzwa. Anayetetea shuruti ataishia hapo, na kwa hesabu ameshinda.

Ila hoja ya kumlinda mgonjwa inasimama pale tu chanjo inapozuia maambukizi kwa kiasi cha kutosha na kwa muda wa kutosha. Omikron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ilipoingia mwishoni mwa 2021, kinga dhidi ya kuugua vibaya ilibaki nzuri, lakini kinga dhidi ya kuambukizwa ikawa ya muda mfupi. Uingereza ilikuwa imepanga kuwalazimisha wahudumu wa afya kuanzia Aprili 2022. Januari ikatangaza kurudi nyuma, huku ikihofia pia kupungukiwa na watu wodini. Ufaransa iliwasimamisha waliokataa Septemba 2021 na kuwarudisha kazini Mei 2023. Kwangu mimi, kung'ang'ania amri wakati sababu yake imeshapungua nguvu ndiko kunakomwaga imani, kuliko hata sindano yenyewe. Surua ni habari nyingine: dozi mbili hukinga kwa takriban asilimia 97, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kwa nesi wa wodi ya watoto, hiyo ningeilazimisha bila kusitasita. Homa ya mafua inakaa katikati. Msimu mzuri chanjo hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60, msimu mbaya kama wa 2014–15 ikashuka hadi karibu 19. Kwa hiyo ningebembeleza, nisingefukuza.

Tena shaka nyingine haihusu chanjo kabisa. Mwaka 2020 kuna wauguzi waliovaa mifuko ya taka kwa kukosa gauni za kujikinga, na barakoa ya siku moja wakaivaa wiki nzima. Mwaka uliofuata, uongozi uleule ukawaambia wao ndio hatari kwa wagonjwa. Mtu aliyepitia hayo akisema "siwaamini", huenda hajafikiria hata kidogo kilichomo ndani ya chupa. Ukimtishia kibarua chake atanyoosha mkono, dozi itaingia, na Jumatatu atarudi kliniki na ulimi uleule, mbele ya mama yuleyule.

Na kuna wengine ambao wala hawabishi. Wanajua dozi inaweza kuleta homa na maumivu ya mwili siku inayofuata, na siku inayofuata wana zamu ya usiku, wodi ina watu wawili, na kukosa kazi kunakatwa kwenye mshahara. Huyo ukimpa kipeperushi kuhusu usalama wa chanjo atakisoma kwa adabu, atakirudisha, kisha atakuuliza: nikilala na homa kesho, zamu yangu anaishika nani?