Mkaa wa mama Mbagala na makaa ya mawe ya Essen

Naishi Essen, Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. Mji huu umekuzwa na makaa ya mawe. Mgodi wao maarufu, Zollverein, ulifungwa 1986 na sasa umo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jumapili watu wanapeleka watoto kutembea. Chini ya ghorofa yangu anakaa mzee aliyechimba makaa tangu ujana. Migodi ilifungwa mmoja mmoja, hadi wa mwisho katika mji jirani wa Bottrop Desemba 2018, na yeye alistaafu na miaka 50 huku akilipwa kila mwezi mpaka pensheni yake ilipoiva. Vijana walitafutiwa kazi nyingine. Hakuna aliyeambiwa tu "acha, unachafua hewa" kisha akaachwa ajitegemee.

Nyumbani Tanzania, mama yangu yuko Mbagala, Dar es Salaam. Nilimnunulia jiko la gesi la pleti mbili na mtungi wa kilo 15. Nilipokwenda likizo niliukuta mtungi kwenye kona, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na uani maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa. Nikamuuliza.

"Mwanangu, gesi ni ya chai na ya mgeni. Maharage yataimaliza upesi, na hiyo elfu hamsini na ushee ya mkupuo nitaitoa wapi? Mkaa nanunua wa kupima."

Nilinyamaza. Kopo la mkaa analipata kwa chenji iliyobaki kwenye mboga. Gesi haina kopo: unanunua mtungi mzima au unakosa. Kwamba moshi unaumiza anajua kuliko mtaalamu yeyote. Macho yanayomwasha ni yake.

Mei 2024 nchi zilikutana Paris kuzungumzia nishati safi ya kupikia, Rais Samia akiwa miongoni mwa wenyeviti, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika, ambako karibu watu bilioni moja hawana nishati hiyo. Mwezi huohuo Tanzania ilizindua mkakati wake: asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nilifurahi, nasema kweli. Lakini Ujerumani peke yake, ilipopitisha mwaka 2020 kuachana na makaa ya mawe ifikapo 2038, ilitenga hadi euro bilioni 40 kwa mikoa yake ya makaa. Na tangu 2024, mwenye nyumba hapa anayeng'oa boila ya gesi ya kupasha nyumba joto na kuweka pampu ya joto, mashine ya umeme inayofanya kazi hiyohiyo, anaweza kufidiwa hadi asilimia 70 ya gharama.

Sipingi hata senti moja ya hizo. Ndivyo watu wanavyosaidiwa kubadilika. Basi na mama afikiriwe hivyohivyo: mtungi wenye mita, alipie elfu moja kwa simu na apikie elfu moja. Teknolojia hiyo ipo, hata Dar imeshaonekana. Walioahidi fedha Paris na wizara zetu waanzie kwenye bei ya kopo, na makongamano yafuate baadaye.

Juzi nilimsimulia yule mzee habari za wachoma mkaa wa Kilosa na Handeni. Akaniuliza, "Na wao wakiacha, wanalipwa nini?"

Nikamwambia wananyang'anywa magunia na baiskeli.